Kutoka kupokea simu za wateja hadi kujaribu programu

Nilianzia dawati la huduma kwa wateja, kwenye kampuni ya malipo kwa simu hapa Dar es Salaam. Mteja hapigi simu kusema seva imechelewa kujibu; anasema "pesa imekatwa na haijafika", tena kwa hasira. Nikazoea kuuliza: ulitumia simu gani, saa ngapi, ulibonyeza nini kwanza, uliletewa ujumbe gani? Mafundi wakapenda maelezo yangu, wakaanza kuniita nijaribu matoleo mapya kabla hayajatoka. Cheti cha ngazi ya msingi cha ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya wajaribu programu, kilikuja baadaye. Kinasaidia, ila hakimfundishi mtu kushuku.

Chukua muamala wa kawaida. Mama lishe anamlipa muuza mkaa, anaweka namba ya siri, mtandao unakata. Simu kimya. Atafanya nini? Atatuma tena, nani asingetuma? Ikiwa ombi la kwanza lilishafika na maombi hayabebi namba ya utambulisho, seva itaona malipo mawili halali na kukata mara mbili. Kwa hiyo hali hiyo naitengeneza mwenyewe: natuma, nazima data kabla jibu halijarudi, nawasha, narudia. Kisha naiacha skrini, naenda kusoma rekodi kwenye hifadhidata, maana skrini inaweza kusema lolote.

Wapo wanaolitibu hilo kwa kuzuia kiasi kilekile kwenda kwa mtu yuleyule ndani ya dakika chache. Basi mama lishe akiongeza gunia la pili kwa bei ileile, malipo yake halali yanagoma. Ndiyo maana hitilafu ikishafungwa, yaani ikisemwa imerekebishwa, hapo ndipo mimi naanza kuichokoa upya.

Saa nazo zina vituko. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mauzo ya saa nane usiku, Julai 1, yasipogeuzwa yatasomeka saa tano usiku, Juni 30, na hesabu ya mwezi inaharibika. Na fomu zinazokataa ritifaa? Kina Ng'wandu hawawezi hata kujisajili.

Developa akiniambia kipande fulani hakihitaji majaribio kwa kuwa kilikuwa kikifanya kazi toleo lililopita, namtajia Ariane 5, roketi ya Ulaya. Juni 4, 1996 roketi hiyo iliharibika angani sekunde 40 hivi baada ya kuwashwa. Programu ya mwelekeo ilichukuliwa kutoka roketi iliyoitangulia, Ariane 4, ikakutana na kasi kubwa zaidi ya mlalo, na namba ikazidi nafasi yake ya biti 16. Wachunguzi walisema majaribio ya ardhini yaliyotumia njia halisi ya roketi mpya yangeifichua hitilafu hiyo.

Anayetaka kuingia kazi hii asisubiri kozi. Achukue aplikesheni anayoitumia kila siku, atafute inapokwama, aandike hatua ambazo mgeni akizifuata atakwama palepale. Nikisaili watu, naomba kuona maandishi hayo kabla ya vyeti.