Maji tindikali ya mgodi siyo zebaki jamani

Hapa Dodoma ukitaja tu mgodi uliotelekezwa watu wanarukia zebaki. Naelewa, uchimbaji mdogo wa dhahabu upo kwetu na Singida, zebaki tunaijua. Ila juzi tulikuwa tunaongelea vijito vya hifadhi ya Big South Fork kule Marekani, vinavyopokea maji ya migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa zamani, mtu akasema wachimbaji walimwaga kemikali, na kwa vile wameondoka mto utajisafisha. Hapana.

Maji tindikali ni hivi: mwamba wenye pairiti (madini ya chuma na salfa) ukishachimbwa unakutana na hewa na maji, inatoka asidi ya salfa, na chuma pia. Basi.

Hakuna aliyeimwaga. Mwamba wenyewe ndo unaitengeneza, bakteria wanaharakisha, na asidi inayeyusha metali zingine inakopita, halafu chuma kikifika kijitoni kinatuama tope la rangi ya chungwa, linafunika mawe, wadudu wa majini wanakosa pa kukaa na samaki wanakosa chakula. Kufunga mgodi hakuzuii, saa nyingine ndo kunaongeza maana pampu zikizimwa maji yanajaa mashimoni. Mgodi wa Gold King kule Colorado, Marekani, uliacha kuchimbwa 1923, lakini Agosti 2015, wakati mafundi wa serikali wanafukua mdomo wake, yakafumuka maji kama lita milioni 11 na mto Animas ukageuka njano.

Zebaki ni kitu kingine, hiyo inaletwa na mtu ili inase dhahabu, inayobaki inakaa kwenye marudio (mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa) na kwenye tope la mto, bakteria wanaigeuza inaingia kwenye samaki, na maji yanaweza kuwa maangavu kabisa.

Ndo maana hata kusafisha hakufanani. Asidi unaipitisha kwenye mfereji wa mawe ya chokaa, halafu bwawa chuma kituame, na ni kazi ya miaka na miaka kwa sababu kutu inafunika yale mawe yanaacha kufanya kazi na tope lazima lizolewe. Zebaki chokaa haiiondoi, pale unazoa tope lenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, kijito kikiwa cha chungwa chini ya mgodi wa zamani (siyo makorongo yetu yanayopita mekundu mvua ikinyesha, ule ni udongo), kabla ya kuuliza nani kamwaga nini, pima asidi kwanza na utafute maji yanatokea shimo lipi.