Majike wakigombana, usiwaache "wamalizane"

Hapa Tanga, nyumba yenye mbwa majike wawili wanaogombana hupewa ushauri uleule: waache wapigane, mkubwa atajulikana, yataisha. Hayaishi. Imani hiyo ilipewa nguvu na utafiti wa mwanasayansi Rudolf Schenkel wa mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu wa Ulaya waliofugwa kizuizini, waliogombania ukubwa. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu aliyewahi kuieneza imani hiyo, aliandika mwaka 1999 kwamba porini kundi huwa ni wazazi na watoto wao tu, si wapinzani wanaopigania ukubwa.

Kila pambano hulikaribisha jingine, na majike wa nyumba moja huumizana vibaya. Ugomvi huwashwa na chakula, geti kugongwa, au mwenye nyumba kurudi. Tazama kabla: mmoja anakakamaa, anafumba mdomo, anamkodolea mwenzake macho. Hapo hapo mwite mmoja, toka naye uani. Ugali na dagaa kila mmoja ale kwake, mlango umefungwa. Wakishashikana usitie mkono, tafadhali. Penyeza ubao kati yao au wamwagie maji.

Ugomvi ukianza ghafla kwa majike waliozoeana, muone daktari wa mifugo. Huenda mmoja ana maumivu.