Meza ya kasino na sheria yake: nani anashika benki, na kwa masharti gani

Anayeingia kasino kwa mara ya kwanza katika mji kama London, Birmingham au Glasgow huona meza za kijani, gurudumu la ruleti na karata; sheria haioni. Hata hivyo mengi yanayofanyika hapo, kuanzia umri wa anayeruhusiwa kupita mlangoni hadi mahali inapowekwa mashine ya kutolea fedha, yameandikwa katika sheria au katika masharti ya leseni. Makala haya yanaeleza utaratibu huo kama unavyotumika England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake na haina kasino zenye leseni. Tumeyaandika kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi, wanaosoma au wanaopita huko, na vilevile kwa wale wanaofanya kazi katika kumbi hizo, ambao nao hubanwa na sheria hiyohiyo kwa majina yao binafsi.

Ili kuielewa sheria ya meza za kasino, ni lazima kwanza kuelewa maana ya kushika benki. Katika poka ya kawaida wachezaji hushindana wao kwa wao, na mwenye ukumbi hujipatia ada tu. Katika ruleti, katika michezo ya karata kama blakjeki na punto banko, na katika michezo mingi ya dadu, kila mchezaji hushindana na kasino yenyewe, ambayo hupokea madau yote na kuwalipa washindi wote. Aliyeshika benki kwa namna hiyo huwa na kanuni za mchezo upande wake, hata kama faida hiyo ni ndogo sana. Ndiyo maana swali ambalo wabunge na majaji wa Uingereza wamelirudia kwa zaidi ya miaka 60 ni lilelile: je, mwenye biashara aruhusiwe kushika benki, na akiruhusiwa, faida yake ipimwe na nani?

Jibu la kwanza lilikuwa kali. Sheria ya mwaka 1960 iliyofungua mlango wa michezo ya kubahatisha katika klabu ilidai kwamba nafasi ya kushinda iwe sawa kwa wote wanaocheza. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wakifikiria watu wanaocheza karata kwa madau madogo miongoni mwa marafiki, na sidhani kama walitazamia kilichofuata. Klabu za kamari zilichipuka kila mahali, nyingine zikiwa mikononi mwa wahalifu wa London. Mwigizaji wa Marekani George Raft, aliyekuwa sura ya mbele ya klabu moja katika eneo la Berkeley Square, alipigwa marufuku kurudi nchini mwaka 1967.

Tatizo la kisheria lilikuwa sifuri. Gurudumu la ruleti linalotumika Ulaya lina vyumba 37, yaani namba 1 hadi 36 pamoja na sifuri moja, lakini anayepata namba aliyoiwekea dau hulipwa mara 35 tu. Chukua mfano wa mtu anayeweka pauni 10 kwa kila namba, pamoja na sifuri. Atatoa pauni 370. Mpira ukishatua, namba moja itakuwa imeshinda: atalipwa pauni 350 na kurudishiwa dau lake la pauni 10, jumla pauni 360. Pauni 10 zilizobaki ni za kasino, mpira utue popote utakapotua. Hiyo ni sehemu moja kati ya 37, au takribani asilimia 2.7 ya fedha zote zilizowekwa mezani, na hakuna mpangilio wa madau unaoweza kuiondoa.

Kwa kuwa sheria ilidai usawa, baadhi ya klabu zilibuni hila: zilibaki na sifuri, kisha zikawatangazia wachezaji kwamba yeyote anayetaka kushika benki anaweza kuishika. Kwa maneno nafasi ilikuwa sawa kwa wote, lakini kwa vitendo ni wachache mno waliokuwa na fedha au ujasiri wa kubeba madau ya meza nzima. Shauri la Kursaal Casino dhidi ya Crickitt lilifika hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, na hila hiyo ikakataliwa. Majaji walitazama namna mchezo ulivyochezwa kweli pale mezani, wala hawakuridhika na tangazo la mwenye klabu.

Sheria ya 1968 ndiyo iliyobadilisha mwelekeo. Badala ya kuendelea kudai usawa ambao biashara isingeweza kuishi nao, Bunge liliruhusu klabu zenye leseni kushika benki katika michezo iliyotajwa kwa kanuni tu, na kwa viwango vya malipo vilivyopangwa na kanuni hizo. Kanuni za michezo hiyo zilitolewa mwaka 1970, na nyingine mwaka 1994. Kasino haikuweza kuamka asubuhi na kuanzisha mchezo mpya wa karata, wala kupunguza malipo ya ruleti kwa sababu usiku uliopita ilipata hasara. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wenye busara kuliko yote katika historia hii, kwa kuwa faida ya kasino ilikoma kuwa siri na ikawa kama bei iliyokwisha kuidhinishwa.

Kuzunguka msingi huo sheria ya 1968 ilijenga uzio wa masharti. Kasino zilipaswa kuwa klabu za wanachama, na mwanachama mpya alisubiri saa 48 kabla ya kuruhusiwa kucheza; baadaye muda huo ulipunguzwa kuwa saa 24. Leseni zilitolewa katika maeneo maalumu tu, matangazo yalibanwa, na wafanyakazi wa mezani hawakuruhusiwa kupokea bakshishi kutoka kwa wachezaji. Nadharia nyuma ya yote hayo ilikuwa kwamba kasino ihudumie watu ambao tayari wanataka kucheza, bila kuchochea hamu kwa wale ambao hawakuwa nayo.

Mengi ya masharti hayo yameondoka. Kusubiri saa 24 kulifutwa mwaka 2005, na leo mtu mzima anaweza kuingia kasino bila kuwa mwanachama, isipokuwa mahali ambapo kasino yenyewe imeamua kubaki klabu binafsi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Septemba 2007, ilianzisha Tume ya Michezo ya Kubahatisha kuchukua nafasi ya bodi ya zamani, na ikaweka aina mpya za kasino kubwa na ndogo, nane kwa kila aina. Mpango wa kasino moja kubwa kupindukia huko Manchester ulitupwa mwaka 2008. Kasino nyingi zilizopo bado ni zile zilizozaliwa chini ya sheria ya 1968, zikiwa na leseni zilizohamishiwa katika utaratibu mpya.

Yaliyobaki ndiyo yanayomgusa mchezaji moja kwa moja. Kanuni za kila mchezo unaochezwa lazima ziwekwe wazi kwa wateja, ama kwa ubao unaosomeka ama kwa kijitabu. Wengi huupita ubao huo bila kuutazama, na ni hasara yao. Kwa mfano, katika ruleti ziko meza ambapo dau lililowekwa kwenye nyekundu au nyeusi hupotea lote sifuri ikitoka, na ziko nyingine ambapo mchezaji hupoteza nusu tu. Tofauti hiyo peke yake hushusha faida ya kasino kwenye dau hilo kutoka asilimia 2.7 hadi takribani 1.35. Katika blakjeki nako, ni vyema kusoma kama mtu anayepata ree na karata ya thamani ya kumi analipwa tatu kwa mbili au sita kwa tano, kwa maana meza mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana kwa malipo.

Sheria inamkataza mwenye kasino kumkopesha mchezaji. Katazo hili lilikuwamo mwaka 1968 na linaendelea katika kifungu cha 81 cha sheria ya 2005, na lengo lake ni kuzuia mtu kucheza kwa fedha asizokuwa nazo, kisha kujikuta anadaiwa na kasino ileile anayoshindana nayo. Kwa mantiki hiyohiyo, mashine ya kutolea fedha haiwezi kuwekwa kando ya meza: lazima iwe mahali ambapo anayeitaka analazimika kusimama na kuacha kucheza kwanza. Masharti ya kawaida ya leseni pia hufunga meza kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia kabisa.

Mchezeshaji anayegawa karata au kuzungusha mpira lazima awe na leseni yake mwenyewe kutoka kwa Tume, na hali kadhalika msimamizi anayemwangalia. Hili tunalisisitiza kwa vijana wetu wanaotafuta kazi hizo: leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa, na kosa la mezani halimalizwi na mwajiri peke yake.

Msomaji aliyezoea utaratibu wa Tanzania, ambako Bodi ya Michezo ya Kubahatisha husimamia sekta hii chini ya sheria ya mwaka 2003 na kodi hukatwa kwenye ushindi, atashangaa kuona kwamba Uingereza mchezaji halipi kodi kwa alichoshinda. Ushuru hulipwa na kasino kwa mapato yake ya meza. Lakini kutokatwa kodi hakumaanishi kutoulizwa. Kasino ziko chini ya kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha za mwaka 2017, na ni lazima zithibitishe utambulisho wa mteja, ama mlangoni ama miamala yake inapofikia kiwango cha euro 2,000. Asiye na pasi ya kusafiria au kitambulisho kinachokubalika anaweza kuzuiwa kuingia au kukwamishiwa malipo, hata kama ushindi wake ni halali.

Kuhusu malipo yenyewe, sheria ya 2005 ilileta badiliko ambalo wengi bado hawalifahamu. Tangu sheria ya mwaka 1845, mkataba wa kamari haukuweza kutekelezwa mahakamani: aliyeshinda na kunyimwa hakuwa na pa kushtaki, na aliyeshindwa akakimbia hakuweza kushtakiwa kwa deni hilo. Kifungu cha 335 kiliondoa kizuizi hicho. Leo mchezaji anaweza kuidai kasino mahakamani kama anavyomdai mfanyabiashara mwingine yeyote, nayo kasino inaweza kumdai yeye.

Haki hiyo, hata hivyo, ina mpaka wake, na mpaka huo ulichorwa katika shauri la Phil Ivey dhidi ya Genting Casinos. Mwezi wa Agosti 2012, Ivey, mcheza poka mashuhuri wa Marekani, alicheza punto banko katika klabu ya Crockfords, iliyokuwa mali ya Genting, mtaa wa Mayfair, London, akiwa na mwenzake Cheung Yin Sun. Katika mchezo huo upande unaokaribia tisa ndio unaoshinda, kwa hiyo karata za saba, nane na tisa zina thamani ya pekee. Migongo ya karata zilizotumika haikuwa imekatwa sawasawa: ukichunguza sana, ukingo mmoja ulitofautiana kidogo na mwingine. Wawili hao walimwomba mchezeshaji azigeuze baadhi ya karata kwa upande fulani kabla ya kuzirudisha, wakijifanya kuwa ni imani yao ya bahati, na wakaomba karata zilezile ziendelee kutumika. Zilipotoka tena, Ivey aliweza kujua mapema kama karata ya kwanza ni miongoni mwa zile zenye thamani, naye akapanga dau lake kwa kufuata ujuzi huo. Alishinda takribani pauni milioni 7.7. Kasino ilimrudishia dau lake, ikakataa kumlipa ushindi.

Jaji wa kwanza alikubali kwamba Ivey mwenyewe aliamini kwa dhati kuwa hakufanya udanganyifu, bali alitumia akili kuishinda kasino. Alishindwa hata hivyo, akashindwa tena Mahakama ya Rufani, na tarehe 25 Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ikakataa madai yake kwa kauli moja. Majaji walisema kuwa kuona kasoro ya karata na kuitumia ni jambo moja, na kumfanya mchezeshaji, bila yeye kujua, akupangie karata ni jambo jingine. Uaminifu hupimwa kwa kipimo cha watu wa kawaida wenye heshima, mara tu mahakama inapofahamu mhusika alijua na kuamini nini. Si lazima yeye mwenyewe atambue kuwa amevuka mpaka. Uamuzi huo ulibadilisha hata kipimo cha udanganyifu katika kesi za jinai, mbali kabisa na meza za kamari. Udanganyifu katika mchezo ni kosa chini ya kifungu cha 42, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili.

Mtu ambaye kucheza kumemshinda nguvu anaweza kujiandikisha katika mpango wa SENSE, ambao humfungia milango ya kasino zote zinazoshiriki kwa muda usiopungua miezi sita. Ombi hufanyika mara moja, na hapaswi kuzunguka kasino moja baada ya nyingine.

Ikiwa mgogoro unahusu malipo, njia bora ni kuueleza palepale, kabla ya raundi inayofuata, na kuomba msimamizi wa meza aitwe, kwa kuwa chipu, yaani vipande vinavyotumika badala ya fedha, zikishaondolewa mezani ni picha za kamera tu zinazoweza kuonyesha zilikuwa wapi. Msimamizi asipokubali, malalamiko huandikwa kwa kasino kwa kutaja tarehe, saa na meza husika. Yasipotatuliwa ndani ya wiki nane, mteja ana haki ya kuyapeleka kwa chombo huru cha usuluhishi ambacho kasino inalazimika kukitaja, bila yeye kulipa chochote. Tume yenyewe haiamui nani alipwe kiasi gani; hupokea taarifa za ukiukwaji wa masharti ya leseni, na hizo nazo zinafaa kupelekwa hata pale ambapo mlalamikaji amekwisha kulipwa.