Maana ya "msimu" unapopanga kwenda hifadhini

Ukiuliza Iringa mjini uende lini Ruaha, utajibiwa "kiangazi". Ukiuliza Mbeya uende lini Kitulo, utaambiwa usubiri kifuku, yaani msimu wa mvua. Hifadhi zote mbili ziko nyanda hizi hizi za juu kusini, mvua zao ni za miezi ile ile, na majibu yote mawili ni sahihi.

Kwa mtu anayepanga safari ya hifadhini, msimu ni kipindi ambacho kile unachokifuata kinaonekana. Nasema kinaonekana, maana kuwepo ni jambo jingine. Tembo wa Ruaha wapo Februari kama walivyopo Oktoba. Tofauti ni kwamba Oktoba unajua pa kuwangojea.

Jambo la kwanza la kuweka sawa ni mvua. Wenzetu wa Dar es Salaam na Arusha wana vuli, kisha masika. Sisi tuna kifuku kimoja kirefu, kinachoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi, na miezi yake ya mwanzo, Juni hadi Agosti, ndiyo ya kipupwe. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Serengeti usiuhamishie huku bila kuupima.

Ruaha ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na eneo la Usangu lilipoongezwa mwaka 2008 ilifikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Wakati wa kifuku, katika eneo lote hilo kila bonde lina dimbwi na majani yanamfunika swala pala hadi shingoni. Mnyama hana sababu ya kuja barabarani. Mwaka mmoja tuliwapeleka watoto mwezi wa pili, tukazunguka tangu asubuhi, na tulichokiona kwa wingi ni majani. Watoto walilala garini kabla hatujarudi getini.

Madimbwi yakikauka, wanyama hurudi kwenye mto Ruaha Mkuu na mito ya mchanga inayoingia humo, kama Mwagusi na Mdonya. Mto wa mchanga ukiutazama Septemba unaonekana mkavu kabisa, lakini maji yapo chini. Tembo analijua hilo. Husimama, akakwangua mchanga kwa mguu wa mbele, akauchota kwa mkonga na kuutupa pembeni, kisha anatulia. Anangoja maji yajichuje na kupanda. Ya kwanza yana tope, huyatupa. Yanayofuata ndiyo anakunywa, kidogo kidogo. Akiondoka, shimo lile huwa kisima cha wengine: nyani, kanga, ngiri. Ukizima injini na kukaa nusu saa hapo, utaona mengi kuliko ukikimbizana barabarani mchana kutwa.

Lakini kiangazi cha Ruaha kina upande ambao mgeni anapaswa kuuelewa. Viboko wanaobanana kwenye dimbwi moja mwezi wa kumi huvutia sana kupiga picha, ila zamani Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 umekuwa ukikatika kiangazi, na sababu kubwa ni maji yanayotumika juu huko Usangu, hasa kwa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji. Mchele ule tunaula wote. Hata hivyo, ule unaoitwa msimu mzuri kwa mtazamaji ndio msimu mgumu kwa mnyama, na mimi siwezi kulitaja neno hilo bila kulikumbuka hilo.

Kitulo mambo hugeuka. Ni uwanda ulioko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ukatangazwa hifadhi mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua yake, zikiwemo aina zaidi ya 40 za okidi. Watu wa huko wanauita Bustani ya Mungu. Ukienda Julai utakuta nyasi za kahawia, upepo unaokata masikio na alfajiri nyingine umande ulioganda. Maua hutoka na mvua, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo hapa anayekimbia mvua ndiye anayekosa. Shida inahamia kwenye njia: ile ya kupandia Chimala kwenda Matamba ina kona kali hamsini na saba, na tope likishalainika inahitaji gari lenye nguvu na dereva asiye na haraka.

Mfuko nao una msimu wake. Kambi nyingi za Ruaha hushusha bei kifuku kinapokolea, na nyingine hufunga kabisa kama Aprili. Anayependa ndege asiogope kipindi hicho, kwa kuwa hifadhi ina aina zaidi ya 500 na ndege wageni kutoka kaskazini ya mbali huwa wamefika. Asivae tu nguo nyeusi wala za bluu, mbung'o wanazipenda mno.

Familia nyingi huenda Ruaha Juni, shule zikifungwa. Si vibaya, ila maji bado yamesambaa na majani hayajalala. Kama wikendi moja inatosha, tazama kalenda ya Oktoba. Tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, kazi na shule zimefungwa, na kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130. Likizo ya Desemba waachie Kitulo. Wanaorudi Makete na Njombe kula Krismasi wanapita jirani kabisa, na maua ya mwanzo yanakuwa yameshafunguka.