Mkataba wa Wamaasai wa 1904 haukuwa na tarehe ya mwisho

Wananchi wanaofika katika kitengo chetu cha nyaraka wakiomba "ule mkataba wa miaka 99 uliokwisha" wamekuwa wengi, na kwa kuwa dai hilo, kwamba ardhi ya Wamaasai ilikodishwa kwa miaka 99 na muda umekwisha, liliwahi kuwafikisha watu barabarani kuandamana Agosti 2004, yafaa kueleza kilichoandikwa.

Mwaka 1904 Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya chini ya Waingereza, ilikuwa na reli iliyokwisha kufika Ziwa Victoria bila mizigo ya kutosha kuilipia, ndiyo maana Kamishna Sir Charles Eliot aliwaita walowezi. Lord Delamere alikuwa amekwisha kupewa ekari 100,000 Njoro. Eliot alijiuzulu mwaka huohuo, baada ya London kumzuia kuwagawia walowezi wawili kutoka Afrika Kusini ardhi ya Bonde la Ufa, ilhali kampuni ya East Africa Syndicate iliruhusiwa maili 500 za mraba. Mrithi wake, Sir Donald Stewart, ndiye aliyeafikiana na Olonana, laiboni (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai, na wenzake mwezi Agosti. Wamaasai waliondoka Bonde la Ufa, wakatengewa Laikipia na eneo jingine kusini ya reli, pamoja na angalau maili 5 za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa sherehe za tohara.

Na muda? Makubaliano yalipaswa kudumu maadamu Wamaasai wapo. Hakuna 99 popote, na kutuomba tutafute tena hakutaiongeza. Namba hiyo inatoka katika hati za ukodishaji walizopewa walowezi chini ya Sheria ya Ardhi ya Taji (yaani ya ufalme wa Uingereza) ya 1902, kila hati na tarehe yake. Lenye uzito ni kwamba ahadi isiyo na mwisho ilivunjwa baada ya miaka 7: mwaka 1911 Laikipia nayo ilichukuliwa, na kesi iliyofunguliwa Mombasa ikatupwa 1913 kwa hoja kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme, hivyo mahakama haikuwa na mamlaka juu ya mkataba huo.

Anayetaka kujisomea aje na kitambulisho, ajaze fomu ya msomaji, aache mkoba mapokezi na atumie penseli tu. Picha hupigwa kwa kibali cha maandishi. Kuchana, kuandika juu ya waraka au kuondoka nao ni kosa la jinai, hata kama waraka unamhusu babu yako.