Umeme ukizidi, kifaa kuwaka hakumaanishi kimepona

Malalamiko mengi ya vifaa vilivyoungua yana maelezo yanayofanana: umeme ulizidi, televisheni ikaendelea kuwaka, wiki kadhaa baadaye "ikafa yenyewe". Haikufa yenyewe.

Pale umeme wa kawaida unapokuwa volti 230, kiwango cha kimataifa kinaruhusu ufike 253. Nyutro (waya wa kurudishia umeme) ikikatika kwenye mfumo wa fezi tatu (nyaya tatu za moto), baadhi ya vifaa vinaweza kupata karibu volti 400. Ndani ya pawasaplai (sehemu inayolisha kifaa umeme) umeme hugeuzwa kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) na hufikia kilele cha takribani mara 1.41 ya kipimo cha mita: 230 huwa 325, 300 huwa 424. Kapasita kubwa (kipuri kinachohifadhi umeme) inayoupokea mara nyingi imeandikwa 400, yaani mwisho wake ni volti 400.

Kapasita hiyo inaweza isipasuke siku ile. Tabaka lake la oksidi (utando unaozuia umeme kupita) huanza kuvujisha mkondo, kisha hujiziba lenyewe, lakini kila linapojiziba hutumia kimiminika cha ndani na kuzalisha gesi. Ndipo kichwa kinavimba, uwezo unashuka, joto linapanda. Varista (kipuri kinachokinga kifaa volti zinapozidi) nayo huchakaa kila inapomeza pigo. Ikichoka huvujisha mkondo hata volti zikiwa za kawaida, na inaweza kuwaka moto. Transista (kipuri kinachowasha na kuzima mkondo) inaweza kubaki na uharibifu mdogo usioonekana kwa macho, ikafanya kazi hadi siku ya joto au mzigo mkubwa.

Na tafadhali, fyuzi haizuii volti kupanda. Hukatika mkondo unapozidi, mara nyingi baada ya kipuri kupiga shoti. Tumelieleza hili mara nyingi, bado tunaletewa fyuzi nzima kama uthibitisho kwamba bodi ni salama.

Hatusemi kila kifaa kilichopigwa kitakufa. Vingine vimeundwa kwa akiba kubwa. Lakini kuwasha na kuzima si kipimo. Fundi apime mkondo unaovuja, ukinzani wa ndani wa kapasita na joto kifaa kikiwa na mzigo.

Kwa anayekusudia kudai fidia: andika tarehe, saa na muda wa tukio siku hiyohiyo. Piga picha kibati chenye modeli na namba ya kifaa. Usikifungue. Ikilazimu kitengenezwe kabla ya ukaguzi, omba kibali kwa maandishi kutoka kwa wanaoshughulikia dai, kisha kila kipuri kilichotolewa kiwekwe kwenye mfuko wake wenye jina la fundi na tarehe. Kapasita ikishatupwa, mkaguzi hana cha kupima, na dai linaweza kukataliwa hata kama unasema kweli. Kuleta kipuri kibovu cha kifaa kingine ni udanganyifu: dai lote hufutwa na mhusika anaweza kushtakiwa.

Kengele za moto, mashine za oksijeni na vifaa vingine vinavyolinda uhai visisubiri dai. Viondolewe kazini mara moja, vingine vishike nafasi yake, na visirudishwe bila cheti cha kupimwa.