Saratani ya pua kwa mbwa ni nini?

Ni uvimbe unaoota ndani ya pua, au katika sinasi, yaani vile vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Si ugonjwa wa kila siku: katika saratani 100 za mbwa, za huko ni 1 au 2 tu. Huwapata zaidi mbwa wa miaka 10 hivi, hasa wenye pua ndefu. Nyingi huanzia kwenye utando wa pua, nyingine kwenye gegedu au mfupa.

Dalili ya kuishika ni upande. Uvimbe kwa kawaida huanza na mwanzi mmoja wa pua: kamasi, kisha kamasi yenye damu, chafya, mkoromo, jicho la upande huohuo kutoka machozi. Baadaye uso huvimba. Akipewa antibiotiki hupata nafuu, kwa kuwa bakteria waliodandia uvimbe hupungua, halafu damu inarudi. Nafuu hiyo ndiyo inayowapotezea watu muda.

Lakini kwa Tanga damu ya puani ina maelezo mengine, na hapa naomba tusiharakishe hukumu. Kuna kupe. Mbwa wa ulinzi Pongwe au kwenye mashamba ya mkonge Muheza huishi nao, na kupe wa kahawia huleta erlikiosisi, ugonjwa unaopunguza chembe sahani zinazogandisha damu. Kipimo cha damu huonyesha, na doksisaiklini huutibu.

Kisha kuna saratani inayoambukiza. Seli zenyewe za saratani huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, na zote zina asili kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Hupatikana sana kwa mbwa wanaozurura, na makao yake ya kawaida ni sehemu za siri, kwa njia ya kupandana. Ila mbwa hunusa na kulamba wenzake, basi seli zikajipandikiza puani, kwa madume hasa. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ile ya kwanza. Ajabu njema ni kwamba hii hupona: sindano ya vinkristini ya mshipani mara 1 kwa wiki, wiki 4 hadi 6 kwa wengi, na uvimbe huisha. Inauma sana mbwa kijana kupigwa risasi kwa ugonjwa wenye dawa, wakati sampuli ndogo, rangi na hadubini vingetosha kuutambua.

Ikithibitika ni saratani ya pua yenyewe, upasuaji peke yake hausaidii sana, maana ubongo uko jirani. Tiba kuu ni mionzi, ambayo mara nyingi humpa mbwa mwaka mmoja hivi. Bila tiba, wengi huishi kama miezi 3. Muda huo adhibitiwe maumivu kwa dawa aliyoandika daktari wa mifugo, siyo diklofenaki wala ibuprofeni ya nyumbani, ambazo hutoboa tumbo la mbwa.